Kabla Hujaiwasha Detekta Hii

Noella mwanangu,

Barua hii nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya waya, ndani ya boksi la detekta, kwa sababu nakujua: boksi lolote likiingia mikononi mwako unafungua kwanza, maswali baadaye. Juu nimebandika utepe kwa namna yangu. Ukikuta kona ya kushoto ya utepe imekunjika, ujue mama yako ameshaisoma. Simlaumu, ila nataka ujue.

Saa hizi mko kanisani, unaombewa safari yako ya kesho ya Houston. Mimi nimesema nabaki niangalie matairi. Matairi niliyaangalia jana, na juzi, na hayana neno. Nimebaki niandike, maana nikikuambia kwa mdomo utanijibu Kiingereza haraka haraka, mimi nitakasirika, na tutaishia kuzungumza habari za oili ya gari.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako ameshakufungia unga, ameshakugandishia sombe, kisamvu chetu, ya mwezi mzima, na ameshakuambia nani wa kumpa namba yako ya simu na nani wa kumnyima. Mimi nina habari ya detekta tu, hiki chombo cha kunusa rada ya polisi barabarani, na ile iliyo nyuma yake.

Uliponiambia, "Papa, nichagulie detekta, wewe ndiyo unajua," nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Ulikuwa umeshasimamishwa mara mbili kwa mwendo kasi ukienda Houston kwenye usaili wa kazi, na nilijua utaniambia kuna programu ya simu inayofanya kazi hiyo hiyo. Hukuniambia. Ukaja kwangu. Kazini nako ni hivyo, mtu akitaka kununua detekta anakuja na chakula chake wakati wa mapumziko, anavuta kiti, ananiuliza. Ghala zima Fort Worth hii wananijua kwa jambo hilo.

Nilinunua tatu, katika maduka matatu tofauti, na risiti zote ninazo, kwa sababu muuzaji wa detekta simwamini hata akiwa shemasi. Anakuambia, "Hii inashika kila kitu." Hapo ndipo pa kukimbia. Milango ya supamaketi inayojifungua yenyewe inatumia mawimbi ya jamii hiyo hiyo, na magari mapya yanayojiangalia ubavuni pia. Detekta inayoshika kila kitu inalia kutwa, na siku ya tatu sikio lako linaacha kuisikiliza. Ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Nilianza kuhesabu inavyolia kutoka nyumbani hadi kazini, nikachoka kabla sijafika kwenye daraja.

Ya pili ilikuwa kimya. Kimya mpaka nikaishuku. Nikaenda nayo mahali ninapojua polisi hukaa asubuhi, karibu na shule, nikampita akiwa amekielekeza chombo chake barabarani kabisa. Haikusema neno. Nilipoirudisha dukani, kijana akaniambia labda polisi alikuwa amezima. Nikamuuliza yeye amejuaje, alikuwepo? Akanirudishia pesa bila mazungumzo zaidi.

Hii uliyoshika ni ya tatu. Ukipita mahali mara kadhaa, inajifunza kwamba pale panapolia ni mlango wa duka tu, na siku nyingine inapita bila kelele. Inatamka ni wimbi la aina gani. Likiwa Ka, hilo ni la polisi, punguza mwendo bila kubishana nayo. Likiwa K, tazama kwanza kama kuna duka au gari jipya karibu. Ikisema leza, umeshapimwa, hakuna cha kuokoa; shusha mwendo na uwe mpole. Usiiache kwenye kioo ukiegesha, jua la huko litaibandua, na wezi wanapenda alama ya duara inayoachwa na mpira wake kwenye kioo hata kama chombo chenyewe umekificha. Katika gari lako mwenyewe hapa Texas inaruhusiwa. Katika lori kubwa la kampuni hairuhusiwi, na sheria hiyo haitoki Texas, inatoka juu, serikali kuu.

Sentensi hiyo ya mwisho naijua kwa kuumia. Nitaifikia. Kwanza nikuambie kwa nini nilinunua detekta ya kwanza kabisa, maana hujawahi kuniuliza, na mimi niliona ni afadhali usiulize.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa bado Dallas, Vickery Meadow, kwenye yale maghorofa ambayo ngazi moja inanukia vyakula vya nchi tano. Barasa alikaa chini yetu. Unamkumbuka vizuri, najua unamkumbuka, lakini nimwelezee kama nilivyomwona mimi: Mkenya, mrefu, anasomea uuguzi, anacheka kabla hujamaliza kusema. Ndiye aliyenifundisha kuendesha Marekani, jioni baada ya masomo yake, kwenye maegesho ya kanisa. Alinifundisha taa, mistari, basi la shule likisimama. Jambo moja hakunifundisha: polisi akikusimamisha unafanya nini. Alidhani kila mtu anajua. Na mimi sikuuliza, nilidhani najua.

Nilijua ya kwetu. Kutoka Uvira kwenda Bukavu kulikuwa na vizuizi, kamba imefungwa kwenye mti na askari amekaa kivulini. Dereva anayebaki amekaa ndani ya gari mbele ya askari anaonekana ana dharau. Unazima, unashuka upesi, unavua kofia, unamwendea wewe kabla hajainuka, mkono mmoja tayari uko mfukoni unatafuta karatasi. Hiyo ndiyo heshima. Baba yangu alinifundisha hivyo, na ilitupitisha mahali wengine walipobaki.

Basi siku moja, wewe ukiwa kiti cha nyuma, taa za polisi zikawaka nyuma yetu. Taa yangu moja ya breki ilikuwa imekufa, hilo tu ndilo kosa. Nikaegesha vizuri kama Barasa alivyonifundisha, nikazima, nikashuka upesi, nikavua kofia, nikamwendea nikitabasamu, na mkono wa kulia nimeuingiza ndani ya koti. Akapiga kelele. Kiingereza changu cha wakati ule kilikuwa cha salamu na cha dukani. Nilidhani ananiambia nafanya polepole, kwa hiyo nikaongeza mwendo.

Nikaona mkono wake umeshuka kiunoni. Hapo nikasikia kioo cha gari kinashuka na sauti yako. Ulianza na yeye, ukimwambia kwamba mimi sijui.

"He don't know! Please, sir, he don't know!"

Kisha ukanigeukia mimi.

"Papa, toa mukono mu koti! Simama! Simama tu!"

Nikasimama. Mkono niliutoa taratibu, leseni ikaanguka chini, na hakuna aliyeinama kuiokota. Yule polisi alikuwa kijana, na kidevu chake kilikuwa kinatetemeka. Aliponiambia nirudi garini, wewe ulinitafsiria. Alipokuja dirishani akaeleza kwamba ukisimamishwa unabaki umekaa, mikono juu ya usukani, wewe ulinitafsiria. Mtoto wa miaka tisa alimfundisha baba yake namna ya kutouawa, na uliniambia yote ukiwa unatazama viatu vyako.

Tangu siku ile hukukaa nyuma tena. Ulihamia kiti cha mbele, na ukawa unatazama barabara muda wote. Mama yako nilimwambia tu habari ya taa ya breki. Wewe na mimi hatukuizungumza hata mara moja, na nilikushukuru kwa hilo, nikiamini ni kwa sababu umesahau.

Wiki iliyofuata nikamwambia Barasa nataka detekta. Akacheka sana.

"Mzee, wewe ukiendesha hata fifty hufiki. Detekta ya nini sasa?"

Nikamwambia ni tahadhari. Sikumwambia kilichotokea, kwa aibu. Sikuwa na haraka ya kwenda popote, Noella. Nilitaka kujua walipo kabla wao hawajajua nilipo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye vizuizi vya kwetu, kwa sababu kule nilizijua kanuni, na hapa mwenye kuzijua alikuwa mtoto wangu. Barasa akaacha kucheka, akanipeleka dukani, na yale yote ninayowafundisha watu kazini leo, ya Ka na K na milango ya supamaketi, ni yeye aliyenisomea kutoka kwenye kile kitabu kidogo cha maelekezo kilichokuja nayo, ukurasa kwa ukurasa. Kazini huwa nawaambia nimejifunza mwenyewe.

Ile detekta ndiyo iliyokulea. Tulipohamia Fort Worth ilikuwa kwenye kioo. Tulipoenda kanisani ilikuwa kwenye kioo. Mnaimba wimbo wa kwaya wewe na mama yako, inalia, mnanyamaza katikati ya ubeti. Unakaa wima, mikono juu ya magoti. Ikinyamaza, hakuna aliyeurudia wimbo. Mimi niliona ni adabu. Nilijisemea, watoto wa wenzangu wanapiga kelele garini, wangu anajua kutulia.

Sasa nikuambie la lori. Ulipokuwa na miaka kumi na minne nilipata ile kazi ya udereva wa lori la kusambaza mizigo, unakumbuka tulivyochinja mbuzi. Siku ya kwanza nikaichukua detekta yangu nikaibandika kwenye kioo cha lori. Barasa wakati huo alikuwa bado Dallas, anakuja kwetu Jumapili. Nikamsimulia kwa majivuno. Akaweka uma chini, akasema, "Papa Noella, hiyo kitu toa kwa lori. Kwa gari yako ni sawa, kwa lori ni makosa. Wakiiona umeenda." Nikamwambia nitaitoa. Niliona ananionea wivu.

Baada ya wiki tatu bosi akaniita. Akaniambia wamejua lori lina detekta, akaomba funguo, na kazi ikaishia hapo. Nikamuuliza nani amesema. Akasema hilo si muhimu. Kwa mtu kama mimi hilo ndilo lilikuwa muhimu peke yake. Nilirudi nyumbani kwa basi nikiwa nimeshapata jibu kabla ya kituo cha pili. Anayejua ni mmoja tu. Tena ana binamu anayetafuta kazi ya udereva. Tena Jumapili iliyopita aliwahi kuondoka, akisema ana mtihani. Kila nilichokumbuka kilijipanga chenyewe, kikawa ushahidi.

Jumapili ile ilikuwa siku yako ya kuzaliwa. Barasa alikuja na sinia la chapati alizozipika mwenyewe, kwa sababu ulizipenda. Nilimkuta mlangoni, sikumwacha avuke kizingiti. Nikamwambia alikula nyumbani kwangu akaenda kuniuza. Alijibu sinia bado liko mikononi mwake.

"Papa Noella, si mimi ndiye nilikuambia uitoe?"

Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana najua ni yeye. Akainama akaweka sinia kwenye ngazi, akasema nikuambie heri ya siku ya kuzaliwa, akaondoka. Nilikataza zisiliwe. Najua ulikula mbili bafuni, nilihesabu zilizobaki asubuhi kwenye taka. Kwa siku kadhaa nilikushuku hata wewe.

Baadaye alipata kazi kwenye hospitali za Houston, akahamia Pearland, pembeni ya mji huo. Bibi yako alipofariki alituma ujumbe wa pole, mrefu, wa Kiswahili chake cha Kenya kilichonyooshwa kwa ajili yetu. Nikakataza usijibiwe. Nilimwambia mama yako, muuaji haji matangani. Hayo ni maneno niliyoyasema mimi, kwa mdomo huu, juu ya mtu aliyenisomea kitabu cha detekta.

Ninajua sasa kwamba hakusema. Nimejua kwa miaka miwili.

Siku uliponisaidia kuhamisha vitu kwenye simu mpya, ulikuwa umekaa nami mezani, unapitisha picha moja moja unauliza hii tubaki nayo, hii tufute. Ikaja picha ya lori. Mimi niko kwenye usukani, nimevaa koti la suti juu ya sare ya kazi, mkono mmoja dirishani, natabasamu. Ulisema, "Aww, Papa, look at you." Nilikuwa nimeipiga ili niwatumie ndugu zetu Uvira, wajue nimefika wapi. Unajua sisi. Mtu akipata gari hapa, hata kama ni la kukopa, picha inamtangulia nyumbani.

Detekta iko kwenye kioo, juu ya bega langu, taa yake ndogo nyekundu inawaka.

Ulipoondoka nikaingia kwenye jumbe za zamani. Sikuwatumia Uvira peke yao. Furaha ilinizidi, nikaituma kwenye kila kundi nililokuwamo: ukoo, kwaya, na kundi la kazini la zamu ya asubuhi. Tarehe ni siku tatu kabla ya kuitwa. Na chini ya ile picha, bosi mwenyewe alikuwa ameweka kidole gumba.

Nilikaa pale mpaka ukarudi. Uliniuliza kama niko sawa. Nikakuambia simu mpya inapata moto.

Sasa utaniuliza kwa nini nilikaa miaka miwili zaidi. Nimejiuliza nami, na jibu silipendi. Kumshuku Barasa ilikuwa rahisi. Nilipokuwa namshuku, mimi nilikuwa mtu aliyeonewa, na mtu aliyeonewa haombi radhi, anaombwa. Nikimwacha Barasa, nabaki na mjinga mmoja aliyevaa koti la suti ndani ya lori. Ilikuwa pia kwamba nilishawafundisha nyinyi kumchukia, na baba hajui aanzie wapi kuwafundisha watu upya. Nilijiambia ataoa, atahama, atasahau. Kila Krismasi nilijiambia mwaka huu nampigia. Nilikuwa naona aibu, hilo ndilo neno lake, na aibu yangu niliivisha nguo za tahadhari kwa sababu tahadhari watu wanaiheshimu.

Wiki tatu zilizopita nilikuchukua tuijaribu detekta hii barabarani. Unakumbuka tulipita karibu na lile supamaketi na ikalia, kwa kuwa ilikuwa bado haijajifunza. Ulikuwa unanisimulia habari za mwalimu wako, unacheka. Ukanyamaza katikati ya neno. Ukakaa wima. Ukaweka mikono juu ya magoti.

Una miaka ishirini na miwili. Una shahada. Jumatatu unaanza kushika maisha ya watu hospitalini. Na ulikaa kama siku ile, ukimsubiri polisi ambaye hayupo. Nilipita njia yetu ya kutokea bila kuiona, ukaniambia, "Papa, you missed it," nikasema nataka kujaribu mbele kidogo. Sikutaka ugeuke unitazame. Nilikuuliza kwa nini unaitaka detekta, ukajibu ukitazama mbele, "I don't know, Papa. I just feel naked without it." Uchi. Neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa.

Na sasa nifike kwenye lile ambalo unadhani silijui.

Ulituambia chumba unachokwenda kukaa Pearland ni kwa nesi mmoja Mkenya na mkewe, rafiki wa rafiki. Mama yako akaridhika upesi mno, na hilo lilinishtua mimi, kwa sababu mama yako haridhiki upesi. Nikaanza kunusa. Ulikuwa unapokea simu nje, kwenye baridi. Ulikuwa unasema "sawa sawa" kwa Kiswahili, wewe ambaye kunijibu mimi kwa Kiswahili ni mpaka upewe chai. Nilifikiri ni mwanaume. Nilijiandaa kwa mwanaume.

Jumamosi iliyopita nililitoa gari lako nilioshe. Simu yako ulikuwa umeisahau kwenye kiti. Kabla sijafika kwenye bomba, gari zima likaita, na kwenye kioo cha redio yakatokea maandishi: Uncle B. Detekta, kabla sijairudisha kwenye boksi, ilikuwa juu yake, mahali pake pazuri nilipoipima kwa rula, na haikuwa na la kusema.

Sikupokea. Liliita mpaka likakatika. Niliosha gari lile mara mbili, mama yako akauliza lina nini.

Sikuwa na hasira, Noella. Nataka uliamini hili kuliko jambo lolote humu. Niliona kwamba mtoto wangu amelazimika kunificha mtu mwema. Ulifanya nilivyokufundisha: jua walipo kabla hawajajua ulipo, na ukiniona naja, nyamaza. Yule polisi uliyekuwa unamsikilizia ni mimi. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma sasa hivi nikiandika.

Sijui mmekuwa mkizungumza tangu lini. Usiniambie. Sitaki kuhesabu. Kama mama yako naye anajua, na anajua, mwambie nimeshaelewa kwa nini zile chapati zake zilibadilika ladha mwaka juzi. Mtu alimtumia maelekezo.

Detekta ni yako. Nimeichagua vizuri, na sitaki kuiondoa mikononi mwako kama mtoto. Iwashe njia nzima kama unataka. Au iache ndani ya boksi uone inakuwaje kuendesha gari na redio tu, na ukitaka kuimba, uimbe hadi mwisho wa ubeti. Ukisimamishwa, wewe unajua la kufanya kuliko mimi. Nilijifunza kwako.

Limebaki moja. Nilisema kesho siwezi kukusindikiza, nina zamu. Mama yako alinitazama kama mtu anayedanganywa, na kwa mara ya kwanza nilistahili kutazamwa vile. Sina zamu. Niliomba ruhusa tangu Jumatatu. Kwenye gari langu nimeweka koti la mvua, chupa ya maji, na sinia la Barasa. Tulibaki nalo miaka yote hii, likiwa juu ya kabati nyuma ya masufuria, mama yako hakukubali litupwe na mimi sikukubali litumike. Nimelisugua leo. Ndani halina kitu. Nilitaka kupika kitu nikashindwa kujua ninapika nini.

Usimpigie Barasa kumwambia. Usimwandae. Akinifungia mlango kabla sijavuka kizingiti, atakuwa na haki yake, na wewe uingie ndani ulale, mimi nitarudi. Usisimame katikati yetu kututafsiria. Ulishafanya kazi hiyo ukiwa mdogo sana, na nilikuacha uifanye peke yako.

Kwa hiyo kesho, ukishapita Ennis na barabara ikinyooka, tazama kioo cha nyuma. Utaona gari la kijivu lenye kioo kisicho na kitu juu yake, na hata ukipunguza mwendo halitakupita. Usiogope na usikimbie. Njia ya kwenda kwa Barasa mimi siijui, unaijua wewe.

Papa wako